Alipinga Huku Amembeba

Wiki iliyopita, mgahawani kwangu pale Buzuruga, Mwanza, karibu na stendi, watu walibishana mpaka sato wakapoa kwenye sahani. Redio ilikuwa inazungumzia sheria ya kutoa mimba, kama nchi iruhusu au iendelee kukataza. Kondakta mmoja akasema wanaotoa wafungwe wote, mchezo uishe. Dada anayeuza vocha akamwambia, wewe tumbo lako halijawahi kubeba kitu zaidi ya ugali huu wa hapa, sasa kinakuwasha nini? Basi, kila mtu akawa hakimu. Mimi nasonga ugali, nasikiliza, mwisho nikachoka. Nikawaambia, nyie hamjui kubishana. Mnajua kupiga kelele tu. Mngepita kwa Mwalimu wetu, mngekula kwanza, halafu mngebishana kama watu wenye akili.

Wakauliza Mwalimu yupi huyo. Nikaanza kuwaeleza, lakini basi la Musoma likapiga honi, nusu ya watu wakakimbia na meno yana samaki. Ndiyo hivyo, sikumaliza. Na mimi jambo lisipoisha linanikaa kooni kama mwiba.

Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaanza kutafuta ukoo, mara ni wa fulani, mara ni shemeji ya nani, na mambo yenyewe yatapotea. Sisi tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba kisiwa kizima cha Ukerewe hakikuwa na mwalimu mwingine. Alitufundisha Uraia katika shule ya wasichana, mwendo kidogo kutoka Nansio, na alikuwa mlezi wa klabu ya mdahalo. Mlutheri, kiongozi wa kwaya. Na Mhaya wa kweli kwa kujivuna, wala sisemi kwa ubaya, maana yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kulisema. Anaingia darasani asubuhi, anasimama mlangoni, anasema, "Kaeni vizuri, elimu imefika." Ugali wetu wa udaga, yaani wa muhogo, alisema unafaa kubandikia bahasha. Halafu anakula, anaongeza, na akimaliza anauliza kama upo wa kwenye sufuria.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kitenge chake kimepigwa pasi hadi upindo unasimama wenyewe. Miwani aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alituchapa maneno kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe Jumatatu hakuwahi kufika kwa wakati hata mara moja, tukimtazama anasema, "Mimi sichelewi, nasubiriwa." Alikaa kisiwani miaka na miaka akiogopa ziwa. Kwenye meli ya kwenda Mwanza anakaa katikati kabisa, mbali na dirisha, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mapajani, na macho ameyafumba. Ukimsalimia, "Shikamoo Mwalimu," anaitikia marahaba bila kuyafumbua. Wavuvi wa Nansio walimtania sana kwa hilo. Aliwajibu kwamba Bukoba nako kuna ziwa, ila la kwao lina adabu.

Sasa kuhusu mdahalo. Mliosoma shule zetu mnajua mdahalo unavyoanza. Mtu anasimama, "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu wako, mtunza muda makini, waamuzi wenye hekima, wasikilizaji watukufu," mpaka muda unakwisha hajasema kitu. Mwalimu alikuwa anagonga meza. "Salamu zimefika. Leta hoja." Na alikuwa na masharti mawili ambayo hakuna aliyeyapenda. La kwanza, hukuruhusiwa kusemea upande unaoupenda. Anakuuliza unaamini nini, ukishasema tu, anakupeleka ng'ambo. Mimi niliyekuwa nachukia viboko kuliko malaria, alinisimamisha nitetee viboko. Nilivitetea hadi nikajiogopa.

Sharti la pili ndilo lililotutoa jasho. Kabla hujamjibu mwenzako, unarudia hoja yake, kwa maneno yako, vizuri kabisa, halafu unamuuliza, "Ndivyo?" Yeye asipoitikia "Ndivyo," huna ruhusa ya kujibu. Unarudia tena. Mara nyingine mtu anarudia mpaka machozi, maana kumsemea vizuri mtu unayetaka kumpiga ni kazi ngumu kuliko kuchota maji ziwani. Wapo waliokuwa wanafika nusu ya kurudia, wanajikuta wamekubali, wanakaa chini. Mwalimu anacheka peke yake.

Siku alipobandika mada kwamba sheria iruhusu kutoa mimba, matroni alijishika kifua. Mkuu wa shule akamwita ofisini, na ofisi yenyewe madirisha yalikuwa hayana vioo, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Mkuu anasema, hawa ni watoto, Mwalimu. Yeye anasema, hawa ndio wenye matumbo, Mkuu, ulitaka wajadili nini, faida za gari moshi? Mada ikabaki.

Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anapinga kutoa mimba, siku hiyo alishika upande wa kutetea. Kupinga kwake hakukuwa siri. Alituambia darasani bila kuzungukazunguka: kilichomo tumboni ni cha Mungu, mimi sitoi, sishauri, na ukija kuniuliza nitakwambia usitoe. Lakini kwenye mdahalo alisimama akatetea ule upande kama wake wa kuzaliwa. Alieleza habari ya msichana maskini na msichana tajiri wenye shida moja, na njia mbili wanazopita, na nani anarudi nyumbani. Baadaye Mkuu akamuuliza kama imani yake imepungua. Akasema, "Imani inayoogopa swali ni ya kuazima, Mkuu. Yangu nimenunua."

Aliyempinga siku ile alikuwa Kabula, wa kidato cha tatu, binti wa Kisukuma kutoka huku Magu, mdogo wa umbo na sauti kama kengele ya kanisa. Kabula alitaka kutetea, kwa hiyo alipewa kupinga. Na alimshinda Mwalimu. Waamuzi wote walimpa. Mwalimu alitembea na habari hiyo wiki nzima, anamsimulia hata mpishi, "Kale katoto kamenishinda, umesikia? Mimi." Ungedhani amepewa medali yeye.

Hili linalofuata nalisema kwa sababu Kabula mwenyewe alishalisema mbele za watu, na mtafika hapo.

Muhula uliofuata, Jumapili moja asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya uji, wasichana wakaja mbio kutoka bwenini. Kabula anatokwa damu, godoro limelowa. Mimi nilikuwa dada mkuu, nikaenda kuona. Alikuwa amekunywa kitu alichopewa na mtu huko nje, na aliyempa mimba alikuwa mwanaume mzima, wakala wa samaki, aliyekwisha kupotea tangu aambiwe. Kabula alikuwa mweupe midomoni. Alinishika mkono akasema, "Dada, wasiite polisi. Niache tu nilale." Mtu anavuja damu namna ile na anachoogopa ni polisi. Nilijua akilala haamki.

Gari la shule lilikuwa limekwenda Nansio. Na Mwalimu ndiyo alikuwa anapita barabarani kwenda ibadani, amevaa joho la kwaya, jeupe, lenye kola ya bluu. Nilimkimbilia. Sikumaliza hata kueleza. Aliingia bwenini, akamtazama Kabula, akavua lile joho, akamviringishia kiunoni, akambeba. Mwanamke mwembamba vile. Akatoka naye hadi barabarani akasimama katikati ya njia, gari lililobeba dagaa likakosa pa kupita. Tukapanda nyuma, juu ya magunia, kichwa cha Kabula mapajani kwake. Njia nzima anamsemesha. "Nipe hoja ya kwanza ya kupinga viboko. Haya, ya pili. Usilale, waamuzi wanakusubiri." Kabula anajibu kwa sauti inayokwisha, na yeye anamkosoa.

Njiani kuna zahanati, tukasimama hapo maana damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi wa zamu akatoka, akaona, akaelewa, akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Hii ni ya kutoa, Mwalimu. Mnatakiwa mpitie kwanza polisi mlete fomu ya PF3." Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Kwetu wengi walidhani hivyo, hata waliosomea, kwamba damu ya namna ile haiguswi mpaka polisi waandike karatasi. Ni kosa lililozoeleka mpaka likafanana na sheria. Wangapi wamefia njiani wakienda kuifuata hiyo karatasi, Mungu ndiye anajua.

Nilidhani Mwalimu atawaka. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, unaogopa kwamba ukimgusa kesi itakuwa yako. Ndivyo?"

Muuguzi akasema, "Ndivyo, Mwalimu. Nina watoto."

"Sawa. Nami ninafundisha sheria hiyo, nakuambia mtu akiwa hivi anatibiwa kwanza. Nitakaa hapa mlangoni. Polisi wakija watanikuta mimi, watauliza mimi. Damu haina kesi. Mshike mtoto."

Akavuta kiti, akakaa mlangoni kweli, na gauni lake la ndani la kwenda kanisani, mikono yote ina damu. Muuguzi akamuwekea Kabula dripu, akafanya alichoweza, tukaendelea hadi hospitali. Huko wakamsafisha. Daktari akatuambia tungechelewa kidogo tungerudi na maiti. Polisi hawakuja. Mwalimu alikwenda nyuma ya jengo, nikamkuta analia, kilio cha sauti, cha msibani. Nikadhani analia kwa hofu ya Kabula. Akaniambia, "Huyo ameshapona. Namlilia yule mwingine. Lazima kuwe na mtu wa kumlilia." Sijawahi kusahau. Wapo wanaosema alikuwa ndumilakuwili, nyoka wa vichwa viwili. Hao hawakumwona siku ile nyuma ya lile jengo.

Kikao cha nidhamu kikaitishwa. Niliingia kama dada mkuu, nikakaa pembeni. Kilichokuwa kinaamuliwa ni kama Kabula afukuzwe na apelekwe polisi, yaani maisha yake yaishie pale, kidato cha tatu. Mkuu alianza yeye. Shule ina jina, wazazi wataondoa mabinti zao, na sheria ya nchi inasema ni kosa. Walimu wakatikisa vichwa. Wote wakamgeukia Mwalimu, maana alijulikana anavyopinga, walitegemea yeye ndiye atapigilia msumari.

Akasimama. "Mkuu, niruhusu niseme maneno yako, unisahihishe. Unaogopa wengine wataiga. Unaogopa tutaonekana tunafundisha mambo haya. Na unaumia, kwa sababu unaamini kilichotoka kilikuwa mtoto, na katika mkutano huu hakuna aliyemtaja. Ndivyo?"

Mkuu akasema taratibu, "Ndivyo. Hasa hilo la mwisho."

"Hilo la mwisho ni langu pia. Nimemlilia. Sasa tumebakiwa na mmoja. Na huyo naye mnataka tumtupe ili tuoneshe kwamba tulimpenda yule?"

Akaenda pembeni, akachukua kiti kitupu, akakiweka katikati ya duara. Mwalimu wa Hesabu akamuuliza ni cha nani. Akasema, "Cha yule bwana wa samaki. Naona kikao kinaendelea bila yeye, nikasema nimshikie nafasi, huenda amechelewa." Wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka, kiti kikabaki pale kinawatazama hadi mwisho. Wakapiga kura kwa mikono. Kabula akabaki shuleni. Mkuu mwenyewe alinyoosha mkono, wa mwisho, lakini alinyoosha.

Msidhani alipita bure. Joho lile halikutakata tena, na habari zilifika kanisani kabla ya maji ya kulifulia. Wazee wa usharika walimwita. Walimwambia aseme hadharani kwamba alikosea kumbeba, au aache kuongoza kwaya. Akawaambia kumbeba hakukosea, na kuhusu kutoa mimba yuko pamoja nao, tena kuwazidi. Wakashindwa wamweke wapi. Wakamvua uongozi. Aliendelea kuimba, mstari wa nyuma, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa, kwaya nzima iliendelea kumfuata yeye. Upande wa pili nako, kina dada wa mashirika waliposikia habari zake walimfuata awe msemaji wao wa kudai sheria ilegezwe. Akawakatalia. Wakanung'unika. Miaka hiyo kila upande ulimwona ni wa upande mwingine, na mimi hapo ndipo ninapojivuna. Ni rahisi kuwa na msimamo ukiwa umekaa. Yeye alikuwa nao amesimama, mikononi ana mtoto wa watu.

Alipostaafu alihamia Igoma, huku huku Mwanza, kwa binti yake. Mtaa mzima wanamjua. Mafundi wa kuchomelea wakigombania mteja wanampelekea kesi, naye anamlazimisha kila mmoja arudie kwanza hoja za mwenzake, mpaka mteja anachoka anaondoka, na ugomvi unaisha hivyo. Huwa nampelekea sato Jumamosi. Analalamika kwamba nimezidisha chumvi, anakula mpaka mifupa.

Mwaka jana, vijana wa chuo kimoja hapa mjini waliandaa mdahalo wa wazi, mada ile ile, sheria iruhusu au isiruhusu. Walimwalika Mwalimu upande wa kupinga. Nilimfuata Igoma kwa bajaji, kitenge kimepigwa pasi vile vile, miguu ndiyo imechoka. Tulipoingia ukumbini tukamwona msemaji mkuu wa upande wa kutetea. Kabula. Sasa ni muuguzi mkunga, ana watoto wake, sauti ile ile. Mwalimu alisimama hapo mlangoni akamtazama. "Anajua kuvaa siku hizi," akasema, tukaenda kukaa.

Kabula alizungumza vizuri sana. Alisema sheria iliyopo inamkubali daktari aokoe maisha ya mama, lakini msichana anayeogopa jela hafiki kwa daktari mpaka amechelewa. Alisema mwenye nacho hupata mlango wa nyuma ulio safi, asiye nacho hupata mzizi. Alisema nchi nyingine jirani zimeanza kulegeza, na sisi tufuate. Ndipo kijana mmoja, mwenye tai, akaomba swali. Akasema, "Dada unatetea kwa uchungu sana. Wewe mwenyewe uliwahi kutoa?"

Ukumbi uliguna. Mwenyekiti akataka kulikataa swali. Mimi nikamshika Mwalimu mkono. Kabula akasema, "Nijibu tu. Ndiyo. Kidato cha tatu. Na nilikuwa nakufa. Aliyenibeba amekaa pale, upande wa wapinzani."

Watu wakageuka wote. Mwenyekiti hakujua la kufanya, akampa Mwalimu nafasi ya kufunga. Alichukua muda kusimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti, hakukihitaji.

"Mimi napinga," akasema. "Nimesikia hoja zote, bado napinga, na Mungu akinijalia nitazikwa napinga. Kama nami kuna anayenipinga, asimame kesho, leo nimechoka. Ila nimeulizwa miaka mingi, kanisani, shuleni, na hapa Igoma dukani, kwa nini nilimbeba. Jibu ndilo lile limesimama pale, linawafundisha. Mtazameni vizuri. Halafu mjue mdomo ule nimeunoa mimi."

Akakaa. Walipiga makofi pande zote mbili, hata yule wa tai. Nami nililia, sioni haya kusema.

Nje, wakati nasaka bajaji, Kabula akaja. Akapiga magoti pale pale kwenye lami kama tulivyolelewa. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Inuka, utachafua gauni." Akamtazama juu mpaka chini, halafu akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Hoja yako ya kwanza ni ngumu, sijui nitaijibuje. Ya pili ni kweli. Lakini hiyo ya tatu, ya kwamba majirani wamelegeza, hiyo ni hoja ya mtoto anayetaka viatu. Bunge litaivunja mara moja. Njoo Jumapili baada ya ibada tuikaze."

Kabula akacheka huku anafuta macho. "Lakini Mwalimu, wewe si unapinga?"

"Napinga. Ndiyo maana uje mapema."